Swali Liulizwalo Mara Moja

Katika vibanda vya mafundi wa simu vya Eldoret, mji uliopewa hadhi ya jiji tarehe 15 Agosti 2024, meza moja aghalabu hubeba kwa siku moja vifaa vya vizazi mbalimbali: simu mpya ambayo kioo chake kimepasuka kabla deni lake halijalipwa nusu, simu ya mkulima wa Moiben iliyofunguliwa na kufungwa mara nyingi hata skrubu zake zimelika vichwa, simu ya kifahari ya miaka kumi iliyopita iliyoingia nchini kwa mkono wa pili, na chini ya meza, kompyuta ya mezani iliyostaafishwa na ofisi fulani ya Ulaya ikaletwa kwetu kuanza maisha mengine. Vifaa hivi havilingani kwa umri wala kwa nguvu, walakini simu zote za Android zilizomo miongoni mwao zinaongozwa na programu ya asili moja, nayo ni kerneli ya Linux, ileile inayoongoza seva kubwa za ulimwengu. Mwenye kutafakari hana budi kustaajabu imekuwaje programu moja ikaingia katika miili isiyofanana hivyo, na katika kila mwili ikajua kiungo kipi kipo na kipi hakipo.

Imekuwa hivyo kwa sababu kerneli huuliza. Kila mara kifaa kinapowashwa, kabla mwenyewe hajaona hata picha ya kwanza kiooni, kerneli huisaili prosesa juu ya mambo inayoyaweza na yale isiyoyaweza, na majibu hayo ndiyo yatakayoamua mwenendo wake mpaka kifaa kitakapozimwa. Jambo hili laonekana dogo, na katika vitabu vingi vya kufundishia kompyuta limepewa mistari miwili mitatu tu. Lakini mimi naona kwamba ndani yake imo sababu kubwa inayowawezesha watu wa kipato cha wastani, ambao ndio wengi katika Uasin Gishu na Afrika ya Mashariki nzima, kuendelea kutumia vifaa ambavyo matajiri wamekwisha kuvitupa.

Kati ya kazi zote za kerneli, inayotuhusu hapa ni utunzaji wa memori. Kerneli huigawanya memori katika vipande vilivyo sawa viitwavyo kurasa, na katika vifaa vingi kila ukurasa una baiti 4,096. Kwa hiyo simu yenye memori ya GB 2, ambayo ni simu ya kawaida kabisa mikononi mwa wanafunzi na waendesha bodaboda, ina kurasa 524,288. Kurasa hizo hazitoshi kamwe. WhatsApp inazitaka, M-Pesa inazitaka, kivinjari kinazitaka, na kamera inapofunguliwa huzidai nyingi kwa mkupuo mmoja, ikawa sharti kerneli iamue ni kurasa zipi ziondolewe kwa wenyewe na kupewa mgeni. Uamuzi wa insafu hudai ushahidi: ukurasa ulioguswa punde hivi una haki ya kubaki, na ule uliolala tangu asubuhi bila kuguswa na yeyote ndio utakaotolewa. Simu inayokwama kila unapotoka katika programu moja kwenda nyingine, ikaifungua upya ile ya kwanza kana kwamba hukuwa ndani yake dakika moja iliyopita, ni simu ambayo kurasa zake zimekuwa haba, au ambayo kerneli yake imehukumu bila ushahidi wa kutosha.

Ushahidi wenyewe ni biti moja tu katika daftari la kurasa, ambayo nitaiita alama ya kuguswa. Hapa ndipo miili inapoanza kutofautiana. Prosesa ya Cortex-A53, iliyotangazwa na kampuni ya ARM mwaka wa 2012 na kutiwa katika simu za bei nafuu zisizohesabika, haina uwezo wa kuitia alama hiyo yenyewe; programu inapogusa ukurasa usio na alama, prosesa husimama, huiita kerneli, kerneli huandika alama kwa mkono wake, kisha programu huruhusiwa kuendelea. Cortex-A55, iliyotangazwa mwaka wa 2017 na ambayo nayo imeingia katika simu za bei ya chini, inaweza kuandika alama hiyo yenyewe bila kumsumbua mtu. Tofauti hii hubadilisha hekima yote ya kazi. Chukua mfano wa programu inayofunguliwa: kerneli, ikijua kwamba anayesoma ukurasa mmoja huelekea kusoma jirani zake, huandaa kurasa 16 kwa pamoja badala ya mmoja. Je, zile 15 ambazo bado hazijaguswa zitiwe alama kana kwamba zimeguswa? Katika prosesa mpya jibu ni hapana, kwa kuwa prosesa itaziwekea alama yenyewe iwapo zitaguswa kweli, na zisipoguswa zitakuwa za kwanza kutolewa memori itakapobana. Katika prosesa kuukuu jibu ni ndiyo, kwa maana kila moja ikiachwa bila alama italeta kisimamo kipya itakapoguswa, na faida yote ya kuziandaa mapema itapotea. Linux ilianza kufuata njia hizo mbili, kila moja kwa kifaa chake, katika toleo la 5.12 la mwaka wa 2021.

Basi msomaji ataona kwamba swali la kama prosesa ina uwezo huu au haina halizuki mara moja kwa siku. Huzuka kila programu inapoomba ukurasa, kila ukurasa unapokaguliwa kwa nia ya kutolewa, kila programu inapozaa nyingine; yaani mara maelfu kwa sekunde. Na kuuliza kuna gharama. Katika prosesa za ukoo wa Intel swali huulizwa kwa amri iitwayo CPUID, iliyoanza kutumika mwaka wa 1993, na amri hiyo ina tabia ya kuilazimisha prosesa ikamilishe kazi zote zilizo njiani kabla ya kujibu, ikachukua mapigo ya saa mia na kitu pale ambapo amri ya kawaida huchukua pigo moja au chini yake. Mambo huwa mazito zaidi katika mashine pepe, ambazo ndizo seva nyingi za siku hizi, ambapo kompyuta moja kubwa hujigawa ikajifanya kompyuta kumi. Humo, kila CPUID inapotamkwa, mgeni husimamishwa, udhibiti hurudi kwa msimamizi wa nyumba, msimamizi hutunga jibu linalomfaa mgeni huyo, kisha humrudishia nafasi yake. Safari hiyo hula mapigo elfu moja au zaidi. Prosesa za ARM nazo, zinapobeba mashine pepe, aghalabu husimamishwa vivyo hivyo mgeni anaposoma rejista za kujitambulisha. Tukadirie mashine pepe yenye GB 2 inayokagua kurasa zake zote, ikauliza swali kwa kila ukurasa: mapigo elfu moja mara kurasa 524,288 ni zaidi ya milioni 524, na katika prosesa ya mapigo bilioni 2 kwa sekunde hiyo ni zaidi ya robo ya sekunde iliyoteketea katika kuuliza jambo ambalo jibu lake halikubadilika hata chembe.

Karani wa ghala la nafaka, magunia ya mahindi yanapopanga foleni mlangoni wakati wa mavuno, hutaka kujua kama ghala lina mashine ya kukaushia, maana mahindi mabichi hupokewa kwa namna moja pale penye mashine na kwa namna nyingine pale pasipo nayo; naye haendi nyuma ya ghala kuitazama mashine kila gunia linapoteremshwa. Aliitazama alipofungua ghala, akaandika, na tangu hapo hutazama daftari lake. Ndivyo kerneli inavyofanya, na historia ya kufanya hivyo ni ya zamani karibu kama Linux yenyewe.

Mwaka wa 1991 Linus Torvalds, aliyekuwa mwanafunzi katika Chuo Kikuu cha Helsinki, alianza kuiandika Linux juu ya kompyuta yenye prosesa ya Intel 80386, iliyotolewa mwaka wa 1985. Prosesa hiyo ilikuwa na ila moja katika ulinzi wa memori. Ukurasa ukitiwa zuio la kuandika, programu ya kawaida iliyothubutu kuuandika ilikamatwa papo hapo. Lakini kerneli ilipouandika, zuio lilipuuzwa kimya, bila onyo wala dalili. Yaweza kudhaniwa kwamba hapana madhara, kwa kuwa kerneli ndiye bwana wa nyumba, lakini sivyo. Programu mbili zilizozaliwa kutoka moja huachwa zisome ukurasa uleule mmoja, ili memori isitumike mara mbili bure, na ukurasa huo hutiwa zuio ili siku mmoja atakapotaka kuandika akamatwe, apewe nakala yake, na mwenziwe abaki na ule wa asili. Sasa mmoja akiiomba kerneli imsomee faili na kumwekea maneno yake katika ukurasa huo, anayeandika ni kerneli. Zuio likipuuzwa, maneno ya mmoja yatamwagwa katika mali ya mwenziwe, na hakuna atakayejua mpaka hesabu zitakapoharibika. Prosesa ya 80486 ya mwaka wa 1989 iliondoa ila hiyo. Kwa hiyo kerneli ya Linux ililazimika kuwa na njia mbili: katika 80486 na warithi wake iandike kwa kuutegemea ulinzi wa prosesa, na katika 80386 ichunguze ukurasa kwa mkono kabla ya kila uandishi.

Inanipendeza sana namna ilivyoupata ukweli. Haikuridhika na jina la prosesa, kwa maana majina yaweza kudanganya na watengenezaji wa prosesa walikuwa wengi, bali ilijaribu. Wakati wa kuwaka ilitayarisha ukurasa mmoja, ikautia zuio, kisha yenyewe ikajaribu kuuandika. Ikikamatwa, prosesa ni ya kutegemewa. Isipokamatwa, prosesa ina ila. Jibu liliandikwa katika nafasi moja ndogo ya daftari la sifa za prosesa, na mstari mmoja ukatokea kiooni kutangaza kwamba jaribio limefanyika na matokeo yake ni haya. Watu waliozoea Linux katika miaka ya 1990 waliuona mstari huo kila asubuhi, wengi wao bila kujua unanena nini. Tangu hapo, mpaka kompyuta ilipozimwa, hakuna aliyelirudia jaribio. Kila palipohitajika kujua, jibu hilo lilisomwa. Linux ya 80386 ilidumu hivyo hadi Desemba 2012, ambapo msimbo wake uliondolewa, na toleo la 3.8 lililofuata mwezi wa Februari 2013 halikuweza tena kuwaka juu ya prosesa ambayo Linux ilizaliwa juu yake.

Kerneli ya leo imekwenda mbele ya hapo. Kusoma jibu katika daftari ni kazi nyepesi, lakini mahali panapopitwa mara milioni moja hata kazi nyepesi hujumlika, na kila swali la ndiyo au hapana huifanya prosesa ibahatishe njia kabla jibu halijafika. Ikaonekana afadhali swali lenyewe liondolewe. Inapowaka, baada ya kuzisaili prosesa zote, kerneli hupitia orodha ya mahali pote katika msimbo wake ambapo swali fulani limeandikwa, na hapo hujiandika upya: penye jibu la ndiyo huweka amri ya kuruka kwenda njia mpya, na penye jibu la hapana huweka amri tupu isiyofanya lolote. Nafasi inayobadilishwa haizidi baiti 5 katika prosesa za ukoo wa Intel, na ni baiti 4 katika zile za ARM. Utaratibu huu uliingia rasmi katika Linux toleo la 2.6.37, Januari 2011, na tangu hapo umeenea kila pembe. Kerneli inayoendesha simu yako sasa hivi si ileile herufi kwa herufi na iliyohifadhiwa ndani ya faili yake; imekwisha kushonwa upya kwa vipimo vya mwili iliomo.

Msomaji mwenye kompyuta ya Linux anaweza kuliona daftari hilo la sifa za prosesa kwa macho yake. Fungua faili iitwayo /proc/cpuinfo, na katika mstari wa sifa utakuta maneno mafupi yaliyosongamana. Penye neno pae, prosesa ya biti 32 inaweza kufikia memori iliyozidi GB 4. Penye nx, ukurasa wa data unaweza kukatazwa usitumike kama msimbo, na wavamizi wengi hukwama hapo. Penye pdpe1gb, kerneli inaweza kutumia ukurasa mmoja mkubwa wa GB 1 mahali pa kurasa ndogo 262,144. Katika simu za ARM mstari huo huwa mfupi zaidi. Simu ya Cortex-A53 haina neno atomics, ilhali simu ya Cortex-A55 inalo, na fundi aliyezoea anaweza kwa neno hilo moja kuzitenga simu mbili ambazo kwa nje zinafanana kama mapacha.

Thamani ya mambo haya yaonekana katika kazi iliyofanywa na Google kuibadili namna Linux inavyochagua kurasa za kutoa. Mpango huo, ambao huzipanga kurasa katika vizazi kwa kadiri zilivyoguswa karibuni, uliingia katika toleo la 6.1, Desemba 2022. Kwa maelezo ya walioutunga, walipoujaribu katika vifaa vya Android na ChromeOS, kazi ya prosesa katika kutafuta kurasa za kutoa ilipungua kwa asilimia 40, na programu zilizouawa kwa kukosa memori zilipungua kwa asilimia 85 katika kipimo kimoja walichokitumia. Lakini mpango huo hupenda kutembea juu ya madaftari ya kurasa na kusoma alama za kuguswa kwa mafungu makubwa, na kutembea huko kuna faida pale tu ambapo prosesa huziandika alama hizo yenyewe. Kwa hiyo mlangoni mwake pamewekwa swali lilelile, na pembeni yake ufunguo wa aina ile inayojiandika upya wakati wa kuwaka. Simu ya Cortex-A55 hupita mlango huo. Simu ya Cortex-A53 hupelekwa njia nyingine, ndefu zaidi, lakini haifukuzwi.

Nimeusifu utaratibu wa kulihifadhi jibu, na sasa ni haki niseme unapogeuka kuwa hatari, kwa sababu jibu lililohifadhiwa ni la kweli maadamu aliyeulizwa ndiye atakayefanya kazi. Mwezi wa Oktoba 2011 kampuni ya ARM ilitangaza ubunifu wa kuchanganya ndani ya prosesa moja ya simu viini vikubwa vyenye nguvu na viini vidogo vyenye kuokoa betri, programu ikawa yahamishwa kutoka huku kwenda kule mara nyingi kwa sekunde bila yenyewe kujua. Mwaka wa 2016 simu ya Samsung Galaxy S7, katika aina yake yenye prosesa ya Exynos 8890, ilitoka ikiwa na viini vinne vikubwa vilivyobuniwa na Samsung na vinne vidogo vya Cortex-A53. Programu zilizojengwa juu ya mfumo wa Mono zikaanza kufa ndani yake pasipo sababu inayoonekana, zikilalamika kwamba zimeamriwa amri isiyojulikana, ingawa wahandisi walipoitazama amri iliyokuwa mahali hapo waliikuta halali kabisa.

Tatizo hilo liliwasumbua wahandisi muda mrefu, mpaka walipozikusanya anwani za mahali programu zilipofia na kuziona hazikutawanyika ovyo: zote ziliangukia nusu ya pili ya kila fungu la baiti 128. Hapo ukweli ukajitokeza. Mono hutunga msimbo wakati programu inakwenda, na kila inapotunga ni lazima ifute nakala za zamani zilizobaki katika kache ya prosesa, mstari kwa mstari, na kwa hiyo ni lazima ijue mstari mmoja una baiti ngapi. Iliuliza mara ya kwanza, ikalihifadhi jibu, ikaendelea nalo. Huu ndio mwenendo uleule niliousifu. Lakini viini vikubwa vya Exynos 8890 vilikuwa na mistari ya baiti 128, na vidogo baiti 64. Programu iliyouliza ikiwa juu ya kiini kikubwa, kisha ikahamishiwa kidogo, ilikwenda kwa hatua za 128 mahali palipotaka hatua za 64, ikafuta mstari mmoja na kuruka mmoja, na katika kila uliorukwa ikabaki takataka ya msimbo wa zamani iliyokuja kusomwa baadaye kana kwamba ni amri ya leo. Hakuna kiini kilichodanganya: kila kimoja kilijibu kweli juu ya nafsi yake. Kosa lilikuwa kulichukua jibu la mmoja na kulifanya jibu la wote.

Dawa iliyotumika katika Mono ilikuwa kuuliza tena na kushika kipimo kilicho kidogo kuliko vyote vilivyopata kuonekana, kwa maana kufuta kwa hatua fupi kunachelewesha kidogo lakini hakuachi kitu nyuma. Kerneli ya Linux kwa upande wake ilikwisha kuanza kuzikusanya sifa za viini vyote vya ARM wakati wa kuwaka na kutengeneza kutoka kwazo jibu moja la usalama, lile linalokubalika kwa kiini kilicho dhaifu kuliko vyote. Na mwaka huohuo wa 2016 iliongezwa njia ya kumkamata mtu yeyote anayeuliza ukubwa wa mstari wa kache katika simu yenye viini vinavyotofautiana, ili apewe jibu hilo la usalama badala ya lile la kiini alichopo. Na kiini kinachochelewa kuamka, kikaja bila uwezo ambao kerneli imekwisha kuujengea msimbo wake, hukataliwa kuingia kazini. Ni ukali, lakini ni ukali wa lazima, kwa sababu msimbo umekwisha kuandikwa upya kwa kutegemea kwamba uwezo huo upo kwa wote.

Kwa nini mtu wa Eldoret ayajali haya? Kwa sababu mji huu una historia yake katika kazi ya kulazimisha programu ziishi na vifaa vilivyopo. Mwaka wa 2001, katika kituo cha afya cha Mosoriot, kusini mwa mji, Chuo Kikuu cha Moi na Chuo Kikuu cha Indiana vilianzisha mfumo wa kumbukumbu za wagonjwa juu ya kompyuta za kawaida na programu ya kawaida ya ofisini. Haja ilipokua pamoja na idadi ya wagonjwa wa UKIMWI waliohudumiwa na mpango wa afya wa AMPATH, madaktari Burke Mamlin na Paul Biondich walishirikiana na wenzao kuanzisha mfumo wa OpenMRS mwaka wa 2004, na mwaka wa 2006 mfumo huo ukaanza kazi hapa Eldoret, kisha ukaenea katika nchi nyingi. Wahudumu wa AMPATH waliokwenda nyumba kwa nyumba kupima watu walikuwa pia miongoni mwa wa kwanza kutumia simu za Android kukusanya habari za afya kwa programu ya ODK, katika miaka ya mwanzo kabisa ya Android. Watu hao hawakungoja mashine mpya. Walitumia zilizopatikana, na kwa waliotumia Android, chini ya programu zao kulikuwa na mfumo uliokubali kuuliza na kusikia jibu la hapana.

Siku hizi husikika hoja kwamba vifaa vya zamani ni mzigo, na kwamba programu ikilazimika kuvifikiria itawachelewesha wenye vifaa vipya. Sehemu ya hoja hiyo ni ya kweli: kila njia ya pili katika msimbo inahitaji mtu wa kuitunza na kuijaribu, na 80386 iliondolewa kwa sababu kuitunza kulikuwa kumekuwa mzigo kwa wahandisi. Aidha kuna uwezo ambao usalama wa leo hauwezi kukaa bila huo, nami siwalaumu walioshikilia nx. Lakini ile sehemu inayosema kwamba swali lenyewe huchelewesha imekwisha kujibiwa: swali likiulizwa wakati wa kuwaka, na jibu likashonwa katika msimbo, mwenye simu mpya halipi chochote kwa ajili ya mwenye simu kuukuu. Januari 2018, udhaifu wa Meltdown ulipotangazwa, Linux ilitenga daftari la kurasa la kerneli na yale ya programu katika prosesa zilizohusika. Zilizokuwa na uwezo uitwao pcid zilibeba mzigo huo kwa wepesi, na zisizokuwa nao, zikiwemo kompyuta nyingi zilizotufikia kwa mkono wa pili, zilipungua kasi lakini zilipata ulinzi uleule. Linganisha na tarehe 14 Oktoba 2025, ambapo Microsoft ilikomesha utunzaji wa kawaida wa Windows 10, na kompyuta zisizotimiza masharti ya Windows 11, nzima na zenye kufanya kazi, zikaachwa nje ya mlango. Kwangu mimi, mfumo unaouliza na kutafuta njia ya pili ni mwadilifu kuliko unaouliza ili upate sababu ya kufukuza.

Walakini uadilifu huo hautajitunza wenyewe. Wengi wa wanaoiandika kerneli hufanya kazi juu ya mashine mpya, na njia ya pili, ile ya Cortex-A53 na jamaa zake, huharibika polepole pasipo mtu wa kuona kwa sababu aliyeiharibu hana kifaa cha kuipitia. Sisi tunavyo. Wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Moi na wa Chuo Kikuu cha Eldoret wanaosoma kompyuta wanazo simu hizo mifukoni, na msimbo wa Linux uko wazi kwa yeyote. Sehemu ya memori imo katika saraka iitwayo mm, na sifa za prosesa za ARM zimo katika saraka ya arch/arm64. Nawasihi walimu wao wawape kazi ya kuisoma sehemu hiyo moja, kuipima juu ya simu ya GB 2 na juu ya kompyuta kuukuu ya mezani, na kila wanapoona njia ya pili imelegea, wawaandikie watunzaji wa kerneli na kuwapelekea vipimo vyao. Barua ya namna hiyo, ikiwa na vipimo sahihi, husomwa bila kujali imetoka mji gani.